Uliza Kocha: kriketi chuoni, mvua za Mbeya na mkeka usiochanika

Toleo lililopita niligusia kidogo tu vijana niliowakuta wanacheza kriketi nyuma ya hosteli huku Mbeya, basi toka siku hiyo simu haijapoa. Kumbe wenye hamu ni wengi, ila kila mtu anajiona yuko peke yake. Nimesimamia timu ya chuo misimu minne, na makosa mengi ntakayowaonya humu nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa hiyo msinichukulie kama mjuaji. Twende.

*Kocha shikamoo. Niko mwaka wa pili, uhandisi, Mbeya. Tuko kumi na tisa tunaopenda kriketi, wengi tumeijulia kwenye simu. Tuna beti mbili na mpira mmoja wa ngozi. Tunataka tuanze na bonanza kubwa mwezi wa tatu, tualike vyuo vyote vya nyanda za juu. Tukaombe hela wapi?*

Marahaba mwanangu. Mwezi wa tatu? Mbeya hii hii?

Ngoja nikwambie yaliyonikuta. Msimu wangu wa kwanza na mimi nilipanga bonanza mwezi wa tatu, sababu ndo wakati watu wamerudi chuo, bumu limeingia, kila mtu ana furaha. Asubuhi jua zuri kabisa, mlima Loleza unauona mpaka kileleni, tukachomeka stampu, vile vijiti vitatu vya kila upande. Saa saba mchana wingu likashuka, saa nane kiwanja kilikuwa majaruba, mpira wa ngozi umenyonya maji umekuwa mzito kama kiazi, na wageni wetu wamejibana chini ya bati la kantini wanakula chipsi ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Ova (ova moja ni mipira sita halali) tulizocheza ni saba. Hela ya usafiri tuliwalipa yote.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya hela tafuta almanaki ya chuo chako, alafu chukua kalenda ya mvua uiweke pembeni yake. Huku kwetu mvua inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili, mwaka mwingine inaingia na Mei. Kuanzia hapo ni kavu mpaka Oktoba, miezi kama sita ya kriketi safi, sema Juni na Julai asubuhi baridi inauma vidole na mpira ukiudaka unasikia mpaka kwenye kiwiko. Sasa angalia almanaki: vyuo vingi vinafungua Oktoba mwishoni au Novemba, mvua hiyo inakuja. UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ya muhula wa pili ni Julai. Baada ya UE watu wanaenda field (mafunzo kwa vitendo), wengine Dodoma, wengine Mtwara, chuo kinabaki na walinzi na mbwa. Yaani jua lote la Agosti na Septemba hauna mchezaji hata mmoja.

Ukipiga hesabu vizuri unabaki na wikiendi saba hivi, kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Julai, alafu toa mbili za mwisho watu wajisomee maana mchezaji akidaka mipira mingi uwanjani alafu akadaka na sapu nne (mitihani ya kurudia), chuo kitasema kriketi ndo imemponza na mwakani kiwanja hampewi. Zimebaki tano. Bonanza lako liweke wikiendi ya nne, ya tano iache wazi kama akiba.

Na hiyo miezi ya mvua msikae bure, hapo ndo timu inatengenezwa. Omba ukumbi au hata varanda ndefu, tumia mipira ya tenisi, mfundishane kudaka, kurusha bila kukunja kiwiko, kukimbia kati ya wiketi, yaani stampu za huku na za kule, mkiitana kwa sauti. Jioni mbili kwa wiki zinatosha. Mpira wa ngozi ufungie kabatini, una gramu kama 156 mpaka 163, mtu ambaye hajawahi kudaka akianza na huo utamvunja kidole na hamu ataipoteza. Mnapotoka nje kwa mara ya kwanza chukueni mpira wa tenisi mzungushie tepu ya umeme, Pakistani huko watu wanakua na mpira wa namna hiyo mtaani na wanatoka warushaji wa kutisha.

Kuhusu hela, kama chuo chenu ni cha serikali mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti inapikwa miezi mingi nyuma. Ukiomba Mei ya msimu huu utaambiwa subiri na sio kwamba wanakuchukia. Peleka kwa mshauri wa wanafunzi mapema, Januari hivi, na mwaka wa kwanza usiombe hela kubwa, omba vitu viwili tu: barua ya kutambuliwa kama klabu, na saa za kiwanja zilizoandikwa kwenye karatasi na kugongwa muhuri. Muhuri huo ni mtamu kuliko laki tano, utakuja kunikumbuka siku timu ya futiboli itakapowakuta katikati ya ova ya kumi na mbili.

*Kamwene kocha. Mimi ni afisa michezo chuo kimoja Iringa. Kiwanja ni kimoja, cha mpira wa miguu, na wenyewe hawataki kusikia. Kuna njia ya kriketi kukaa humo humo bila ugomvi?*

Kamwene afisa. Njia ipo ila usimwage zege la pichi, ule ukanda mgumu mpira unapodundia, katikati ya kiwanja chao, kwanza watakuchukia, pili ni hatari, mtu akianguka na goti kwenye saruji ndo mwisho wa msimu wake. Tafuta sehemu kati ya kiwanja cha futiboli na cha netiboli, au nje kidogo ya mstari wa pembeni, alafu siku ya kriketi kiwanja cha futiboli ndo kinakuwa eneo la kudakia. Pichi yenyewe kutoka stampu mpaka stampu ni mita 20.12 na upana mita 3.05, sio kubwa. Kinachokula nafasi ni baundari, mstari wa mpaka wa uwanja, na kwa mechi za vyuo vyetu hivi mita 50 hadi 55 kutoka katikati inatosha kabisa, msijilinganishe na wanaume wa kimataifa ambao wanaenda mpaka mita 82.

Kuna njia mbili. Ya bei rahisi: unachimba juu juu, unajaza changarawe ya barabarani, unamwagia maji, unashindilia mpaka ukipiga kisigino panalia ko ko ko, alafu unatandika mkeka wa nyuzi za nazi au kapeti la nyasi bandia na kulibana kwa misumari mirefu pembeni. Hapa ndo pana siri, kapeti livutwe mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja. Nimeona mpira wa kawaida tu umegonga mkunjo wa upana wa kidole ukapanda mpaka kwenye kidevu cha mpigaji, na alikuwa hana helmeti. Kabla ya kila mechi nahodha apite kwa miguu peku kutoka mwisho mpaka mwisho, mguu unasikia kile jicho haioni.

Ya pili ni zege. Urefu mita 25, upana mita 2.4, unene sentimita 10, hiyo ni mita za ujazo 6, na kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko ya saruji 38 mpaka 40. Bei uliza dukani siku hiyo hiyo maana inabadilika. Gawa vipande vipande kila mita tatu nne ili likisinyaa au kutanuka lisipasuke ovyo, na mwagilia siku saba. Sisi la kwanza tulimwaga Ijumaa, Jumapili watu wakasherehekea juu yake, maji hakuna aliyemwaga maana kila mtu alidhani mwenzake kamwaga. Mwezi wa pili toka limwagwe lilikuwa na ufa unaingiza sarafu. Ukishamwaga teua mtu mmoja, jina lake liandike ukutani, ndoo mkabidhi yeye.

Halafu neti za mazoezi msiagize mbali. Nyavu chakavu za wavuvi wa Kyela zinafaa kabisa, zikunje mara mbili tu na uhakikishe tundu ni dogo kuliko mpira, ambao kipenyo chake ni kama sentimita 7. Nguzo chukua za mkaratusi, Iringa yenu hamuwezi kukosa nguzo jamani, nchi nzima inanunua Mufindi.

*Kocha, sisi ni wadada tunasoma ualimu. Tulienda kuomba kujiunga wakatuambia tuwe tunaandika matokeo na kupika. Kweli kriketi ni ngumu kwa msichana?*

Nimekasirika kusoma hii. Mdada aliyecheza rede darasa la tatu mpaka la saba, ambaye alikuwa katikati anakwepa mpira wa soksi kutoka pande mbili na anadaka wa juu kuokoa wenzake, huyo ana macho na miguu ambayo mimi nachukua miezi mitano kumfundisha kijana wa futiboli anayetaka kuuzuia kila mpira kwa mguu. Na waliocheza netiboli kudaka kwa mikono miwili juu ya kichwa wanakuja nako tayari. Rwanda kwa majirani hapo, wasichana wao wa chini ya miaka 19 walienda Kombe la Dunia 2023 na wakamfunga West Indies, timu ya visiwa vya Karibi. West Indies!

Msisubiri kukaribishwa. Kumi na moja mnao darasani. Mpira wa wanawake ni mwepesi kidogo, gramu 140 hadi 151, kwa hiyo mkinunua wa kwenu ulizeni uzito, wauzaji wengi hawajui tofauti wanatoa tu ulioko juu. Anzeni na wachezaji sita sita kwa ova tano. Na barua ya klabu iandikwe klabu moja yenye timu mbili, saa za kiwanja zigawanywe nusu kwa nusu kwenye karatasi ile ile yenye muhuri, mkiwa klabu tofauti siku mvua imeharibu ratiba nyie ndo mtakaokatwa.

Na hao kaka zenu waambieni kuandika matokeo sio adhabu. Skora mzuri ndo anayejua nani kabakiza ova ngapi, kwenye T20 (mechi ya ova 20 kila timu) mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi nne, na nimeshaona nahodha anatoka jasho ova ya 19 anagundua aliyebaki ni mlinda wiketi tu. Kwa hiyo wote mjifunze, wavulana na wasichana, kwa zamu. Wanafunzi wa hisabati waliokataa kucheza mimi huwavuta kwa hiyo kazi, wakishaonja hesabu ya mikimbio, yaani pointi, inayotakiwa kwa ova hawatoki tena.

*Mimi mhazini wa timu mpya. Kocha wetu anataka tununue vifaa vyote kwa mkupuo, michango ya bumu imefika kidogo. Tuanze na nini? Na pia mlezi wa hosteli ametushuku.*

Mlezi nimemuelewa kabla hujamaliza. Na sisi ilitukuta: vijana walibandika tangazo "Wenye beti waje jioni, mkeka utakuwa tayari", kesho yake tukaitwa ofisini kujieleza kwa nini tunaendesha kamari hosteli. Beti ni ya kupigia mpira, mkeka ni wa kutandika kwenye pichi, huu hauchaniki dakika ya 90. Tulicheka baadae ila siku ile hatukucheka. Tangazo lenu liandikeni vizuri.

Vifaa: msinunue kwa mkupuo. Cha kwanza kabisa ni boksi, ile kinga ya sehemu nyeti, na kila mtu awe na yake, hii haiazimwi kama kalamu. Kuna kijana wangu alisema yeye haihitaji, alitembea kama bata siku nne. Pili helmeti mbili, pedi jozi mbili za wapigaji na moja ya mlinda wiketi, glavu. Hizi zinavaliwa na waliopo uwanjani tu, wakitoka wanamvisha mwingine, kwa hiyo timu nzima inaweza kuishi na seti mbili. Beti za mazoezi mnaweza kumpa seremala, paina ya Sao Hill inatosha kwa mpira wa tenisi, mwambie urefu usizidi sentimita 96.5 na upana 10.8, ila kwa mpira wa ngozi paina itapasuka, hapo nunueni beti moja au mbili za mti wa willow wa Kashmir, ni nzito lakini bei yake inavumilika. Ule willow wa Uingereza muache kwanza. Na beti mpya ya mpira wa ngozi isipelekwe mechini ikiwa mbichi, igongwe taratibu kwa nyundo ya mbao masaa kadhaa mpaka uso ukaze, kazi ya kuchosha hiyo, wapeni wale wanaochelewa mazoezi.

Kitu kimoja zaidi kabla hamjalaumu wauza mipira. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, karibu sawa na Johannesburg. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira ukipigwa unaenda mbali zaidi kuliko Dar, na ukirushwa haupindi sana hewani. Warushaji wenu watalalamika mpira ni feki. Sio feki. Wafundisheni kubadilisha kasi na kuukata kwa vidole ugeuke ukishatua, kupinda hewani waachie wa pwani.

*Shikamoo mwalimu. Mimi mzazi, Tukuyu. Nimeuza ndizi na chai kumsomesha kijana, sasa kila nikipiga simu yuko kriketi. Huu si mchezo wa Wahindi? Utamlisha?*

Nashukuru kwa salamu, ila kwa heshima mimi ndo wa kukuamkia. Shikamoo mzazi wangu.

Kumlisha, sitakudanganya, wengi hauwalishi, na kijana akikwambia anaacha shule aende kriketi mkatalie na unipigie na mimi nimkatalie. Ila kuhusu Wahindi, Watanzania wenzetu wenye asili ya Asia wameutunza mchezo huu miaka mingi Dar, tuwashukuru, lakini siku hizi uko kwa wote. Tanzania ni mwanachama wa baraza la kriketi la dunia toka 2001, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walishinda mashindano ya Afrika kule Nigeria 2025 wakafuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza katika historia yetu. Uganda hapo jirani wakubwa wao walicheza Kombe la Dunia la T20 2024. Na Olimpiki ya Los Angeles 2028 kriketi imo, haikuwemo toka Paris 1900.

Muulize kijana maswali mawili tu: mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, na GPA ya muhula uliopita ilikuwa ngapi. Akijibu siku mbili na GPA akaitaja bila kukohoa, muache acheze. Akianza kukuelezea kwanza historia ya mhadhiri, hapo mama au baba una kazi. Ndaga fijo kwa kuandika.

*Kocha tuna timu Mbeya na wenzetu wapo Iringa, tumekubaliana mechi lakini nauli na malazi vimetushinda. Tuahirishe?*

Msiahirishe, kutaneni Makambako. Mbeya mpaka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na Makambako iko kama katikati, kila timu inasafiri nusu, hakuna anayelala. Ombeni kiwanja cha shule ya sekondari kwa barua wiki tatu kabla, wikiendi ambayo wanafunzi hawana mtihani, na muwaahidi walimu kwamba asubuhi kabla ya mechi mtawafundisha watoto nusu saa, wakuu wa shule wanapenda hiyo kuliko asante.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mfike kabla ya saa tatu, tandikeni mkeka, mechi ya ova 20 ianze saa nne. T20 kwa wazoefu ni kama masaa matatu, kwa nyie wekeni manne na nusu maana kuna ubishi wa LBW (mpigaji kutolewa kwa kuuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaenda kwenye stampu) utakula dakika arobaini. Ili kuupunguza, kubalianeni kabla ya sarafu kurushwa: ampaya mmoja kutoka kila timu, na mpira ukidundia nje ya stampu upande wa mguu, yaani nyuma ya mpigaji, hakuna LBW, hiyo ni sheria yenyewe na sio upendeleo, mtu asifungue mdomo. Ampaya achukue maharage sita mfuko wa kulia, kila mpira mmoja halali anahamisha moja kwenda kushoto, waidi (mpira uliorushwa mbali na mpigaji) na nobo (uliorushwa kinyume cha sheria) harage halisogei. Maharage makubwa ya huku ndo mazuri, yale madogo kwenye baridi vidole vinahamisha mawili na ova inaisha na mipira mitano.

Saa kumi mnakula, saa kumi na moja mko barabarani. Wali mpikiwe hapo hapo shuleni, lipieni kuni na mpishi, inatoka nafuu kuliko hoteli ya stendi. Dereva nae ahesabiwe sahani, sisi tulimsahau mara moja na safari ya kurudi kila tuta tulilisikia.